Injini ya pikipiki inabaki baridi baada ya sevisi: dalili, sababu na pa kuanzia

Pikipiki imetoka sevisi. Kulanti (maji ya kupozea injini) mpya, oili mpya, pengine na plagi. Unaondoka, na baada ya kilomita kadhaa unaona geji ya joto haijasogea, au imetulia kwenye namba ambayo hukuizoea. Wengi hufurahi wakiona hivyo, kwamba afadhali ubaridi kuliko kuchemsha. Naomba usifurahi bado, kwa sababu geji inayosoma chini ina maana mbili zilizo mbali sana. Huenda injini kweli haifiki kwenye joto lake. Au huenda injini inachemka na sensa, kile kifaa kinachopima joto na kulipeleka kwenye geji, imezungukwa na hewa, haioni lolote. Hali ya kwanza hula injini polepole, kwa miezi. Ya pili inaweza kupinda silinda hedi katika safari moja.

Kwa hiyo kila hatua hapa inaanza na swali lilelile: injini ni baridi kweli, au ni geji tu inayosema hivyo?

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya pikipiki zenye rejeta. Zile za kupozwa kwa upepo nimezitengea sehemu yake karibu na mwisho, maana hazina themostati ya maji (valvu inayozuia kulanti isiende rejeta mpaka injini ipate moto) na ugonjwa wao hukaa kwingine.

Joto la kawaida ni lipi

Injini nyingi zenye rejeta hukaa kati ya nyuzi 75 na 95 za Selsiasi zikiwa barabarani. Kwenye foleni hupanda hadi 100 na kitu, feni ikawaka, zikashuka tena. Themostati nyingi za pikipiki huanza kufunguka mahali fulani kati ya nyuzi 71 na 82, na namba hiyo mara nyingi imegongwa kwenye bati la themostati yenyewe. Isome kama unaweza, au itafute kwenye kitabu cha pikipiki, kwa sababu ndiyo itakayokuamulia kesi. Injini iliyokwisha kupata moto haipaswi kukaa chini ya namba hiyo kwa muda mrefu, hata ukiwa mwendo kasi na upepo ni wa baridi.

Hapo kuna jambo linalowachanganya watu. Kama zamani geji ilisoma 90 na sasa inasoma 81, na themostati yako ni ya 80, huenda huna tatizo lolote. Rejeta iliyokuwa imejaa matope na wadudu imesafishwa, kulanti iliyochoka imebadilishwa, na injini sasa inapozwa kama ilivyokusudiwa na kiwanda. Waliozoea joto la rejeta iliyoziba huona joto la kawaida kama kasoro. Lakini kama themostati ni ya 80 na barabarani geji inashuka hadi 62, hapo endelea kusoma.

Pia skrini nyingi za kidijitali huonyesha vistari au neno la kuashiria chini mpaka injini ipite nyuzi 40 hivi. Dakika za mwanzo si za kuhukumia.

Kabla ya kushika spana

Anza injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, ule wa rejeta yenyewe na si wa chupa ya akiba, uchungulie. Kulanti inapaswa kufika shingoni. Chupa ya akiba inaweza kuwa imejaa hadi mstari wa juu na rejeta ikawa pungufu. Hilo hutokea sana baada ya kubadilisha kulanti bila kutoa hewa. Ukikuta rejeta imepungua, usisome dalili nyingine yoyote kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hewa hapo chini.

*Onyo: usifungue mfuniko huo injini ikiwa moto. Mfumo umebana kwa shinikizo la karibu baa 1.1, na kulanti iliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke mara unapoufungua. Inakurukia usoni. Kitambaa hakitoshi. Subiri mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja bila kutoa mkono.*

Kisha washa injini ukiwa umekaa pembeni yake. Shika mpira wa juu, ule unaotoka kwenye nyumba ya themostati kwenda rejeta. Themostati ikiwa nzima, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa wakati silinda hedi imeshaanza kuwa moto, halafu ghafla unapata joto ndani ya sekunde chache. Hapo ndipo themostati imefunguka. Ukihisi unapata uvuguvugu polepole tangu dakika ya kwanza, sambamba na injini, kulanti inapita muda wote. Ukibaki baridi kabisa huku geji iko chini na injini inatoa harufu ya kuungua, zima. Maji hayazunguki. Vidole viwe mbali na feni muda wote, kwani kwenye baadhi ya pikipiki huweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa.

Ukiwa na kipimajoto cha mwale, kile cha kuelekeza bila kugusa, bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati na upime hapo juu ya tepu. Aluminiamu inayong'aa hudanganya kipimajoto cha aina hii na kukupa namba ya chini kuliko ukweli, wakati mwingine kwa makumi ya nyuzi. Nimeona fundi akiapa kuwa injini iko baridi kwa sababu alipima chuma kilichong'arishwa. Linganisha namba ya kwenye tepu na ya kwenye geji. Zikitofautiana nyuzi chache, geji inasema kweli. Tepu ikisoma 85 na geji 50, injini ni nzima na tatizo ni la umeme, au ni hewa.

Dalili: geji haipandi kabisa

Malalamiko haya ndiyo ya kawaida zaidi baada ya sevisi, na mara nyingi chanzo si maji bali ni umeme. Sensa ya joto hupunguza ukinzani wake wa umeme kadiri inavyopata moto. Kwa hiyo soketi ikilegea, waya ukikatika au kutu ikiingia kwenye mguso, ukinzani unapanda na geji inasoma baridi. Ndiyo maana kosa dogo la mkono wakati wa sevisi hujitokeza kama ubaridi, mara chache sana kama joto.

Sababu, tukianza na inayopatikana zaidi:

1. Soketi ya sensa haikurudishwa au imeingia nusu. Kufikia themostati au plagi humlazimu fundi kuinua tangi na kusogeza waya. Vuta soketi taratibu bila kubonyeza kifungio chake. Ikitoka, haikuwa imeingia. Kwenye pikipiki nyingi za sindano, yaani zile ambazo kompyuta ndiyo inayopima mafuta badala ya kabureta, soketi ikiwa nje, taa ya injini huwaka na feni huzunguka bila kusimama kwa sababu kompyuta inajilinda.

2. Soketi zimebadilishana. Pikipiki kadhaa zina sensa ya geji na swichi ya feni, mbili tofauti, na mara nyingine soketi zao zinafanana. Fuata rangi za waya kwa mchoro wa kitabu, si kwa kukisia.

3. Sensa ya waya mmoja imefungwa kwa tepu ya mabomba au silikoni. Sensa hiyo hupata ardhi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia meno yake kwenye injini. Ukiyazungushia tepu nyingi, umeitenga na ardhi. Isafishe, ifunge kwa ringi yake tu.

4. Sensa mpya si yake. Inaingia vizuri, meno yanalingana, lakini ukinzani wake ni wa pikipiki nyingine. Hapa geji hupanda kidogo na kubaki chini daima.

5. Waya umebanwa chini ya tangi. Angalia hasa pale ambapo tangi hukalia fremu.

6. Hewa imekaa kwenye sensa. Nimeiweka mwisho kwa sababu ni nadra kuliko zile nyingine, ila ndiyo inayoua injini, na ndiyo sababu ulichungulia rejeta kwanza.

Kupima sensa si kazi kubwa. Toa soketi, weka mita kwenye kipimo cha omu. Sensa za pikipiki nyingi husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na takriban omu 300 kwenye nyuzi 80. Kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu wa namba kamili, lakini mwelekeo haubadiliki: injini ikipata moto, omu zishuke bila kurukaruka. Sensa isiyosoma chochote imekatika ndani. Ikiwa sensa ni nzima na geji bado iko chini, chukua rezista ya omu 330 na uiunganishe kati ya vipini viwili vya soketi upande wa waya, swichi ikiwa imewashwa. Geji inapaswa kupanda hadi eneo la joto la kawaida. Ikipanda, waya na geji havina kosa, rudi kwenye sensa. Isipopanda, waya au dashibodi ndiyo yenye shida.

Usiingize sindano kwenye waya ili kupima. Tundu dogo la leo ni kutu ya mwakani.

Dalili: ukisimama inapanda, ukikimbia inashuka

Hapa geji inasema kweli na injini ni baridi kweli. Foleni inaipandisha hadi 90, ukifungua mwendo inashuka hadi 60 na kubaki huko. Mshukiwa ni themostati. Ningeweka dau kwake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Themostati ni valvu yenye nta ndani. Nta ikipata moto hutanuka, husukuma kipini, valvu hufunguka. Ikipoa, springi huirudisha. Kazi yake ni kuzuia kulanti isiende rejeta mpaka injini ifike joto lake, na baadaye kuachia kiasi tu kinachohitajika. Injini iliyosimama haina upepo, kwa hiyo hata themostati iliyokwama wazi haionekani kosa lake. Ukianza kukimbia, upepo unapiga rejeta, kulanti inapita bila kizuizi na joto linaporomoka.

Baada ya sevisi, sababu zake huja kwa mpangilio huu:

Themostati imeondolewa kabisa. Inasikitisha jinsi jambo hili lilivyo la kawaida. Bado wapo mafundi wanaoamini kwamba kwenye joto kali themostati ni kikwazo, na huitupa kwa nia njema wakidhani wanakulinda na kuchemsha. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila themostati injini huchukua muda mrefu kupata moto, na kwenye injini ambazo themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, kuitoa huacha njia hiyo wazi, sehemu ya kulanti ikarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Wakati wa kazi nzito, injini hiyo inaweza kuchemsha kuliko ilivyokuwa. Muulize fundi waziwazi kama aliirudisha.

Kipande cha uchafu kimeshika valvu. Kusafisha mfumo kwa maji yenye nguvu huvunja magamba ya kutu na mabaki ya silikoni ya zamani, na kipande kimoja kinatosha kuiacha valvu wazi milimita moja. Milimita moja inatosha kuipoza injini ndogo.

Gasketi ya mpira inayozunguka themostati haipo, imekunjika au imechanika. Kulanti hupita pembeni ya valvu iliyofungwa vizuri. Hili hukosewa sana kwa sababu ukipima themostati yenyewe utaikuta nzima.

Themostati ya nyuzi za chini imewekwa badala ya yake. Soma namba.

Springi imechoka au nta imekufa. Kwa kawaida huja kwa umri, haiji kwa sevisi, lakini hutokea vikakutana.

Kuipima ni rahisi. Ifunge kwa uzi, iningʼinize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini wala pembeni, weka kipimajoto kando yake na pasha moto polepole huku ukikoroga. Kabla ya moto, ielekeze kwenye mwanga: isiwepo nuru inayopenya kwenye kingo za valvu, isipokuwa kitundu kidogo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya kupitisha hewa. Ianze kufunguka ndani ya nyuzi chache za namba yake, na nyuzi kama 15 juu ya hapo iwe imefunguka sana, kwa nyingi karibu milimita 8. Halafu iache ipoe na uone inafunga kabisa. Watu husahau sehemu hii ya mwisho, na kwa tatizo la ubaridi ndiyo yenye jibu. Themostati inayofunguka vizuri lakini inabaki na mwanya mwembamba ikipoa ndiyo mgonjwa wako. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Ukiirudisha, upande wa springi uelekee injini, na kitundu cha hewa kikae juu. Ikigeuzwa, nta inakaa upande wa rejeta ambako hakuna joto, inachelewa kufunguka, na sasa una tatizo la kinyume.

Dalili: feni haizimi

Feni inayozunguka tangu unapowasha injini baridi huonekana kama chanzo cha ubaridi. Mara nyingi si chanzo, ni dalili mwenzake. Kwenye mfumo mzima feni peke yake haiwezi kuishusha injini chini ya joto la themostati, kwa sababu themostati ingejifunga na kuinyima rejeta maji. Kwa hiyo feni ikiwaka daima na joto likiwa chini ya namba ya themostati, una makosa mawili, au sensa imekatika na kompyuta inajilinda.

Angalia soketi ya sensa kwanza. Kisha rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha: itoe, na feni ikizimika, jaribu rilei nyingine ya aina hiyohiyo kutoka kwenye pikipiki ileile. Rilei yenye migusano iliyoungana ndani haizimi kamwe. Mwisho tafuta waya wa nyongeza. Kuna watu huunganisha feni moja kwa moja na swichi ili wasipate wasiwasi wa kuchemsha, na hilo humaliza betri na kuchosha mota ya feni bila faida yoyote. Rudisha waya kama zilivyokuwa.

Dalili: geji inarukaruka, iko chini kisha ghafla juu

Simama hapa na usiendelee kuendesha. Geji inayokaa 45, ikaruka 110, ikarudi 60, inakueleza kuwa sensa mara inaguswa na kulanti, mara na mvuke au hewa. Hewa haibebi joto kama maji. Injini inaweza kuwa juu ya nyuzi 110 huku sensa ikisoma hamsini na kitu. Utasikia pia mlio wa maji kububujika karibu na tangi, mpira wa juu utakuwa mgumu kama jiwe, na kulanti itapanda kwenye chupa ya akiba.

Sababu ya kwanza ni hewa iliyobaki wakati wa kujaza. Kuitoa:

Injini ikiwa baridi, weka pikipiki ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kabisa. Kwa nyingi, kuinua gurudumu la mbele kidogo kunasaidia. Jaza polepole. Ukimimina kwa haraka unaifungia hewa ndani. Tafuta bolti ya kutolea hewa, ambayo huwa juu ya nyumba ya themostati au kwenye pampu ya maji, ilegeze mpaka kulanti itoke bila mapovu, kisha ikaze. Laza pikipiki kidogo kushoto na kulia. Minya mipira kwa mkono. Washa injini mfuniko ukiwa wazi na uiache ingurume bila kuvuta mafuta. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka, ongeza. Themostati ikifunguka kiwango hushuka tena ghafla, ongeza tena. Ikianza kupanda kuelekea kumwagika, funga mfuniko, usiongeze. Zima, iache ipoe kabisa, fungua uangalie tena. Wengi wanaruka kuangalia huku kwa mwisho, halafu wanarudi kulalamika kesho yake.

Tumia mchanganyiko uliokwisha tayarishwa, au kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Kulanti ya ethilini glaikoli ni sumu na ina ladha tamu, inayovutia watoto na wanyama. Futa hata tone lililomwagika, na ile ya zamani usiimwage kwenye mtaro.

Ukiitoa hewa mara mbili kwa uangalifu na mapovu yanaendelea kutoka kwa mfululizo, hata injini ikiwa imeshika joto, basi hewa haitoki kwenye ujazaji. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo umefika mwisho wa kazi ya nyumbani. Usiwashe tena, peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kupima gesi ndani ya kulanti au uvujaji wa silinda. Kadhalika kama baada ya kutoa hewa mpira wa juu unabaki baridi na kulanti haionekani kuzunguka: inawezekana pampu ya maji imefunguliwa kwenye sevisi na panga zake hazikushikwa kwenye shafti.

Dalili: inanuka mafuta, plagi nyeusi, inakula lita nyingi

Mara nyingine geji inasoma sawasawa kabisa lakini pikipiki inajiendesha kana kwamba ni baridi: inanguruma juu ikiwa imesimama, inanuka petroli, plagi zina masizi makavu meusi. Kwenye baadhi ya pikipiki geji na kompyuta ya injini hutumia sensa tofauti, au sensa moja yenye sehemu mbili ndani. Geji inaweza kuwa na ukweli wakati kompyuta inadanganywa. Ikiambiwa injini ni baridi, kompyuta inamwaga mafuta mengi kama vile choki imevutwa.

Anza na soketi ya sensa ya kompyuta, kisha ukinzani wake kwa njia ile ya juu. Ukiwa na kisomeo cha kuunganisha na pikipiki, soma joto linaloonwa na kompyuta injini ikiwa imelala usiku kucha: linapaswa kuwa sawa na joto la hewa. Likiwa chini sana kuliko hewa ya siku hiyo, umempata mhusika. Kama joto linasomeka sawa, tatizo la mafuta mengi liko kwingine, kwenye filta ya hewa iliyoloweshwa oili kupita kiasi au kwenye sensa ya oksijeni iliyoachwa bila soketi, na halihusiani na ubaridi.

Usiliache dalili hii kwa sababu tu pikipiki inatembea. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka hadi kwenye oili yenyewe na kuifanya nyepesi. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli au kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, badilisha oili baada ya kurekebisha kosa, na usifanye safari ndefu kwa oili hiyo.

Dalili: utando mweupe chini ya mfuniko wa oili

Kuchoma lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini kidogo hupita kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini iliyofika joto lake huyakausha. Injini inayobaki baridi huyakusanya, na utando mweupe mwepesi hujitokeza chini ya mfuniko wa oili, hasa kwa anayeendesha safari fupi.

Tofautisha mambo mawili. Utando mwembamba kwenye mfuniko tu, oili ya kwenye kijiti ikiwa na rangi yake, na kulanti haipungui: ni unyevu. Rekebisha ubaridi, endesha safari ndefu ya kutosha, utaondoka. Lakini oili yote ikiwa imegeuka rangi ya maziwa na rejeta inapungua, kulanti imeingia kwenye oili. Usiwashe injini hata kuisogeza. Oili iliyochanganyika na kulanti haishiki kwenye beringi, na kila dakika ya kuwasha unaongeza gharama.

Injini za kupozwa kwa upepo

Hizi hazina geji ya joto mara nyingi, kwa hiyo anayesema imekuwa baridi huwa anaeleza kitu kingine: inachelewa kukubali mafuta asubuhi, inataka choki muda mrefu, inamisi ikiwa baridi. Baada ya sevisi ya kabureta, angalia kebo ya choki kwanza. Ikiwa fupi mno choki hairudi yote, mchanganyiko unabaki na mafuta mengi. Kisha kiwango cha boya ndani ya kabureta, kisha kama jeti (vitundu vya kupimia mafuta) zimebadilishwa kwa ukubwa.

Plagi nayo husingiziwa sana. Plagi ya baridi zaidi haipozi injini. Inapoza ncha yake tu, na ncha isipofika takriban nyuzi 450 hadi 500 haiwezi kuchoma masizi yanayoishika, ikaanza kumisi. Tazama namba: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume. Aliyebadilisha kampuni bila kuangalia jedwali la kulinganisha anaweza kuwa ameruka ngazi mbili bila kujua.

Kama pikipiki yako ina kipoza oili, na geji ya oili imeshuka baada ya sevisi, hakikisha hakikuongezwa kipya kikubwa kisicho na valvu ya joto.

Ukimpelekea fundi

Mpeleke pale unapoona mojawapo ya haya: mapovu yasiyokoma, oili ya rangi ya maziwa, mpira wa juu baridi huku silinda hedi inaunguza, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa moto, au kosa la waya usiloweza kulifuata bila kukata. Pia kama geji iliwahi kufika kwenye nyekundu hata mara moja tangu sevisi, mwambie. Usifiche, kwa sababu hilo litamfanya apime ubapa wa silinda hedi badala ya kubadilisha sensa tu.

Mwandikie kwenye karatasi: namba ya geji ukiwa umesimama, namba ukiwa mwendo kasi, feni inawaka lini na kuzima lini, kulanti iliyopungua kiasi gani kati ya asubuhi mbili, na kila kilichofunguliwa kwenye sevisi hata kama kinaonekana hakihusiki. Peleka pikipiki ikiwa baridi na umwombe aiwashe mbele yako, mkono wake ukiwa kwenye mpira wa juu tangu mwanzo. Akitaka kuanza kwa kubadilisha rejeta kabla ya kushika mpira huo au kufungua nyumba ya themostati, tafuta mwingine.